Darubini ya mtumba 8x42: hela ya mnada wa kanisa imeenda wapi

Tangu picha zetu za ndege wa Mida, ile hori ya bahari yenye mikoko kusini mwa Malindi, zisambae, viongozi wa vijana wa parokia mbili tatu wameniuliza kama ile darubini inafaa, na kama wao wakichanga watapata kitu cha maana. Nawajibu wote hapa mara moja, maana mimi ndiye mweka hazina wa kilabu chetu cha kuangalia ndege na ndiye ninayedaiwa hesabu.

Ni darubini ya mtumba, 8x42, tumeinunua duka moja hapa Malindi mjini kwa shilingi 9,500. Hela ilitoka kwenye mnada wa baada ya misa: mapapai, mayai, na jogoo mmoja aliyenunuliwa, akarudishwa kama sadaka, akauzwa tena kwa bei ya juu zaidi. Kwa hiyo si mali ya mtu mmoja. Inapita shingo hadi shingo, wazee na watoto, wenye miwani na wasio nayo, na nimeipima kwa mizani hiyo.

Muuzaji alitusukumia 12x25, akaapa kwamba inavuta mpaka Mambrui. Inavuta, sikatai. Lakini namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate duara la mwanga linalofika jichoni. Yake ni milimita 2 tu. Yetu inazidi 5, ndiyo maana inaona vizuri hata mwanga ukiwa haba. Tena kwenye ukuzaji wa 12 mkono ukitetemeka kidogo, ndege anacheza chakacha.

Jumamosi alfajiri tulipanda tuktuk hadi daraja la Sabaki, tukashuka kwa miguu kufuata mto mpaka unapoingia baharini. Jua halijachomoza, maji ni mekundu kwa udongo wa bara, na ng'ambo kunaonekana weupe weupe tu. Kwa macho matupu ungesema ni povu. Kwa darubini walikuwa ndege, heroe, na kabinti kamoja ka Utoto Mtakatifu, kile kikundi cha watoto wa kanisa, kakapiga ukelele: "Anti, anakula kichwa chini! Mdomo wake umepinda!" Hapo ndipo nilipoona faida ya zile milimita 42, kwa sababu mwanga ulikuwa bado haba na rangi ya waridi ilishaonekana. Buabua walipoanza kujitupa majini, upana wa picha ulitusaidia. Mtoto hahitaji kumsaka ndege kama anatafuta sindano.

Kero ya asubuhi ilikuwa kurekebisha. Gurudumu la katikati ni laini, kidole kimoja kinatosha. Lakini kile kipete cha jicho la kulia, cha kulisawazisha na la kushoto, kimelegea, na kila anayeipokea anakigusa bila kujua, basi anayefuata anaona ukungu na kusema mashine ni mbovu. Dawa yake ni rangi ya kucha: nukta moja nyekundu kwenye kipete, nyingine kwenye mwili wa darubini, zikikutana ndiyo sawa kwa wengi wetu. Vikombe vya macho vinakunjika, na sisi wa miwani tukivikunja tunaiona picha yote. Mpya nyingi za bei hii zinakuonyesha tundu la ufunguo tu.

Mchana tulirudi mjini, tukala mbaazi na mahamri nje ya ukumbi wa parokia, kisha matatu ya Mombasa hadi Mida. Anayetaka ndege wa Mida aangalie maji kwanza. Yakiwa yamepwa kabisa ndege wanatawanyika mbali kwenye tope, na hakuna darubini ya bei yetu itakayowafikia. Sisi tulikwenda wakati wa bamvua, siku maji yanapojaa sana, saa tisa alasiri, maji yanapanda na kuwasogeza kidogo kidogo upande wetu. Ile njia ya mbao inayoning'inia kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kuangalia inayumba watu wakipita, na kwaya yetu haijui kutembea polepole. Darubini ya 12 pale ingekuwa adhabu. Kwa 8 tuliwaona wale ndege weusi kwa weupe walao kaa, wenye mdomo mweusi mnene, wakimkamata kaa na kumkung'uta. Wanazalia huko pwani za Uarabuni na Ghuba, tena ndani ya mashimo ya mchanga, kisha huja kukaa kwetu musimu wa kaskazi. Ada ya kuingia, kwa faida ya wanaouliza, husaidia karo za sekondari za watoto wa vijiji vya kuzunguka mwambao na msitu wa Arabuko-Sokoke. Niliilipa bila kunung'unika, jambo ambalo mume wangu atawaambia si kawaida yangu.

Jumapili baada ya misa nilitakiwa kuonyesha mali kwa waliochanga. Mwenyekiti wa jumuiya aliielekeza kwenye paa la kanisa, akawatazama kunguru wa Kihindi kwa muda mrefu.

"Mwanangu, tumetoa jogoo ili tuangalie hawa?"

"Mzee, hebu ngoja, sogeza kushoto, kwenye ua la mkilifi."

Kulikuwa na ndege chozi dume anafyonza maua. Mzee akanyamaza, akakataa kuirudisha mpaka mkewe alipomwita mara ya pili. Akauliza kama kilabu kinapokea watu wa umri wake.

Kasoro sasa. Haizuii maji; mvuke wa pwani unaingia, na ukiachwa ndani vioo huota kuvu. Naiweka kwenye kopo la kufunga pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Chumvi na mchanga msifute kwa leso kavu, mtakwaruza kioo. Pulizeni kwanza, kisha kitambaa laini chenye maji baridi kidogo. Mkanda wake ulikatika Sabaki, nikaushona mwingine wa turubai jioni ile ile. Na haioni karibu: chini ya mita 4 hivi ni ukungu mtupu, kwa hiyo vipepeo vya Gede na sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, akikatiza njia msituni mtatumia macho yenu.

Kwa kikundi kinachogawana darubini moja, nunueni 8x42, hata ya mtumba, na muijaribu nje ya duka, si chini ya taa ya duka. Tazameni nguzo ya umeme iliyo mbali: mkiiona mbili, au kichwa kikianza kuuma, vioo vimehama ndani, rudisheni hapo hapo kabla hela haijatoka mfukoni. Mtu wa peke yake anayetaka kupanda matatu na mzigo mwepesi atafute 8x32. Yetu ina karibu gramu 800, na waimbaji wangu wawili wa sauti ya alto wameshalalamika shingo.