Praima ya epoksi kwenye fremu ya kioo cha mbele: uzoefu wangu

Kama zulia la gari lako linalowa kila mvua ikinyesha, na kioo cha mbele kimeshabandikwa upya lakini bado kunavuja, usiilaumu gundi haraka. Toa kioo uangalie bati. Kwenye gari langu gundi ya zamani ilikuwa nzima kabisa, nyeusi na laini, inavutika vizuri. Ila kwenye kona ya chini ilitoka na ganda la rangi, na nyuma ya ganda kulikuwa na unga wa kutu. Gundi ilikuwa imeshika rangi sawasawa, ila rangi yenyewe ilikuwa imeshaachia bati zamani, na maji yakapata njia hapo katikati.

Ndiyo maana nikanunua praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayopakwa juu ya bati, ile inayokuja makopo mawili, praima na hadina yake (dawa ya kuikausha iwe ngumu), badala ya spreyi ya kawaida ya kopo moja.

Niseme mapema kwamba praima hii haiponyi kutu. Kazi kubwa iko kabla ya kufungua kopo. Brashi ya waya peke yake inang'arisha kutu juu juu tu: ukiangalia kwa karibu unaona vidoa vyeusi vimebaki ndani ya vishimo vya bati, na hivyo ndivyo vitakavyoota tena. Nilikwangua kwa msasa namba 80 mpaka vidoa vikaisha, kisha nikapitisha namba 180 kwenye kingo za rangi nzima ili pasiwe na ngazi. Pale ambapo gundi ya zamani ilikuwa bado imeshika rangi nzima, niliikata kwa kisu nikaacha unene wa milimita 1 hadi 2. Mafundi wa vioo wanaipenda hiyo tabaka, kwa sababu gundi mpya inaishika vizuri kuliko kitu kingine chochote. Kwako ukikuta bati limetoboka, acha habari za rangi kwanza, tafuta fundi wa kuchomelea.

Jambo moja ambalo maelezo ya kopo yanalisema kwa herufi ndogo, na mimi naona lingeandikwa kubwa: usipake epoksi juu ya dawa ya kutu yenye asidi ambayo haijasafishwa. Asidi inaizuia epoksi isikauke inavyotakiwa, na praima ikibaki laini chini ya gundi, kazi yote ni bure. Mimi sikutumia dawa kabisa, nilibaki na bati jeupe tupu. Nikalifuta kwa dawa ya kuondoa mafuta, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufuta kabla haijakauka yenyewe. Baada ya hapo sikuligusa tena kwa mkono mtupu.

Kuchanganya si kazi ngumu, lakini pima, usikadirie. Hadina ikipungua praima haikauki, ikizidi nayo inaharibu. Kwenye fremu nilitumia brashi ndogo, hasa kwenye mikunjo ya kona ambako bunduki ya rangi haifiki vizuri. Praima inajisambaza yenyewe, alama za brashi zikafifia.

Kilichonishawishi kabisa ni jaribio la thina. Nilipaka kipande cha bati kwa praima ya spreyi na kingine kwa epoksi, nikaviacha vikauke vizuri, kisha nikavisugua kwa kitambaa chenye thina. Ya spreyi iliyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa mpaka bati likaonekana. Epoksi haikutikisika, kitambaa kilitoka safi. Ukishaona hivyo unajua ni ipi ya kuwekwa chini ya kioo. Kwenye magari mengi kioo cha mbele kinasaidia kulipatia paa nguvu, na mfuko wa hewa wa abiria hufumuka ukiegemea kioo hichohicho. Kikibanduka, mfuko hauna cha kuegemea.

Rangi ya gari nilipaka sehemu inayoonekana tu. Ukanda ambao gundi inakaa niliufunika kwa tepu ya karatasi ubaki na praima peke yake. Tabaka zikizidi hapo, sehemu za kuachia nazo zinaongezeka. Sehemu inayopigwa na jua lakini lazima ipate rangi, kwa sababu epoksi ikikaa juani inageuka unga kama chokaa.

Kasoro zake zipo. Inakauka polepole, na kukiwa na baridi ni polepole zaidi, kwa hiyo gari halitembei upesi. Ukishachanganya hurudishi koponi, kilichobaki ni cha kutupa, basi changanya kidogo kidogo. Harufu ni kali na hadina inaweza kukuletea mzio wa ngozi. Vaa glovu na barakoa yenye vichujio vya mvuke, ya kitambaa haisaidii. Na kama una mkwaruzo mdogo tu wa kisu kwenye fremu, huihitaji. Ile praima nyeusi inayouzwa pamoja na gundi ya kioo inatosha.

Nimepita msimu mzima wa mvua na zulia ni kavu. Nimeingiza kidole chini ya dashibodi kwenye kona iliyokuwa inavuja, hakuna unyevu.

Ombi langu kwa anayetaka kujaribu: asikubali fundi azibe upenyo kwa silikoni ile inayonuka siki. Siki hiyo ni asidi, inachochea kutu, na mabaki ya silikoni hufanya rangi ikatae kushika na kuacha vijicho, yaani vishimo vidogo vya mviringo. Kuyatoa kwenye fremu kulinichosha kuliko kutu yenyewe.