Ufunguo wa kielektroniki wa gari: nilitajiwa laki tisa, ukapona kwa elfu arobaini

Kabla hujalipia ufunguo mpya, mwambie fundi aufungue ule wa zamani mbele yako. Hilo ndilo ninalomwambia kila mtu tangu yanikute na gari langu, gari dogo la Kijapani la kuwasha kwa kitufe, lililoshuka bandarini Dar es Salaam likiwa na ufunguo mmoja tu.

Ulianza kusumbua kidogo kidogo. Asubuhi milango inafunguka vizuri, mchana kwenye maegesho nabonyeza wee, kimya. Mara dashibodi inaonyesha kwamba ufunguo haupo ndani ya gari, na mimi ninao mkononi. Nikabadilisha betri, ile ya duara ya CR2032 ya volti 3. Ukatulia siku mbili tatu, kisha yale yale.

Nikaupeleka kwenye karakana moja kubwa mjini. Kijana wa mapokezi hakuugusa. "Hizi hazitengenezwi, mama. Ni kuagiza mpya." Shilingi 900,000 pamoja na kuprogramu, nusu nilipe kabla, na wa akiba bei hiyo hiyo. Nikauliza kilichoharibika ni nini, hakuna aliyejua. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko bei: kuandikiwa dawa bila kupimwa.

Shemeji akanielekeza kwa fundi wa funguo Ilala. Ana meza, taa na kioo cha kukuzia. Akaupasua ufunguo kwa wembe taratibu, akatoa bodi, akaniita nichungulie. Kibati kinachoshika betri kilikuwa kimeachia upande mmoja. Risasi ya kuchomelea iliyokishika imepata ufa mwembamba ambao kwa macho ya kawaida huuoni. Akakigusa kwa kibano, kikacheza. "Chipu nzima, dada. Moto wa betri ndio unafika na kukatika." Akachomea risasi upya, akabadilisha na swichi ya kufungulia mlango iliyokuwa imechoka. Shilingi 40,000, na nilimsubiri pale pale.

Alinieleza jambo ambalo nilistahili kuambiwa siku nilipoletewa gari. Ndani ya ufunguo kuna rimoti inayotegemea betri, na kuna chipu ya utambulisho isiyoitegemea. Kwa hiyo betri ikifa, kwenye magari mengi ya aina hii unakanyaga breki, unausogeza ufunguo hadi ugusane na kitufe cha kuwashia, gari linaisoma chipu na linawaka. Mlango nao unafunguliwa kwa ule ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, ingawa alamu inaweza kulia. Watu wanaita gari la kuvuta kwa kukosa kujua hili tu!

Nikatengeneza na wa akiba hapo hapo, shilingi 280,000. Inauma, lakini ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, kuongeza wa pili ni kazi nyepesi. Ukipoteza yote, kazi inakuwa kubwa na bei inapaa. Usikimbilie funguo za bei chee mtandaoni pia. Rimoti za magari ya soko la Japani hutumia masafa ya redio tofauti na za Ulaya, ambazo nyingi ni 433 MHz. Rafiki yangu alinunua inayofanana kabisa kwa sura, gari halikuitambua. Na ufunguo uliotumika mara nyingi umefungwa kwa gari lake la kwanza, hauingii kwingine mpaka usajili wake wa zamani ufutwe kwanza.

Kasoro zipo. Kava alilonifungia si la asili, vitufe vyake vigumu. Risiti hakutoa mpaka nilipoidai, na dhamana ni ya mdomo. Hata hivyo nampa nyota nne bila kusita, kwa sababu alipochomeka mashine yake kwenye gari, kabla ya kusajili ule wa akiba, alifanya kitu ambacho sikumwomba: alisoma idadi ya funguo zilizosajiliwa. Zilikuwa mbili, wakati mimi nilikabidhiwa mmoja. Wa pili uko wapi, kwa nani, aliyeniuzia hakuwahi kuutaja. Fundi akaufuta. Ukiagiza gari lililotumika, dai hesabu hiyo mapema, na funguo zote ulizonazo ziwe mezani wakati anafuta, maana usioonyeshwa mashineni huweza kufutika pamoja na ule usioujua.