Tathmini: dawa ya imidakloprid kwenye matikiti maji, kwa mkulima mwenye mizinga au jirani mfuga nyuki

Dawa ninayoitathmini ni ile ya maji yenye kiambato cha imidakloprid, ambayo maduka ya pembejeo huiuza kwa majina mengi ya biashara na kumpendekezea karibu kila mkulima wa mbogamboga anayelalamikia wadudu mafuta au inzi weupe. Sitaji chapa, kwa kuwa ninayoyasema yanahusu kiambato chenyewe, na anayesoma maandishi madogo ya kibandiko atakitambua.

Kwa kazi iliyotengenezewa, dawa hii ni nzuri. Kiasi kidogo tu huchanganywa kwenye bomba la mgongoni, na kwa kuwa hupenya jani na kusafiri ndani ya utomvu, huwaua hata wadudu waliojificha chini ya majani yaliyojikunja, mahali ambapo maji ya bomba hayafiki. Mvua ikinyesha baada ya mmea kuinywa, haioshwi. Ni sifa hiyohiyo inayonifanya nisiipendekeze kwa zao lolote linalotegemea nyuki.

Kibandiko cha chupa niliyonunua kinaonya kwamba dawa ni hatari kwa nyuki na kinashauri kupiga jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Ushauri huo una manufaa makubwa zaidi kwa dawa zinazoua kwa kugusa. Imidakloprid iliyopigwa jioni huwa imeingia mwilini mwa mmea, na sehemu yake hufika kwenye chavua na mbochi (maji matamu ya ua) ambavyo nyuki atavifuata kulipokucha, jambo ambalo kibandiko hakilitaji hata kwa neno moja. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa nanogramu chache hadi makumi kadhaa, yaani sehemu za bilioni za gramu, zinatosha kumuua nyuki mmoja akizila.

Aliyepata kiasi kikubwa utamkuta mlangoni mwa mzinga amelala chali, akizunguka huku mabawa yakitetemeka, ulimi umetoka na haurudi ndani. Aliyepata kidogo ndiye anayenitia hofu zaidi, kwa sababu hafi mbele ya macho ya mfugaji: sumu huvuruga mishipa yake ya fahamu, naye huenda akapotea njia asirudi, kundi likapungua polepole hadi malkia na majana (watoto wa nyuki) wakabaki bila wachumaji wa kutosha. Mfugaji huyo hana mizoga ya kumwonyesha bwana shamba, na mara nyingi huambiwa kwamba nyuki wake wamehama tu.

Umoja wa Ulaya uliweka vizuizi kwa kiambato hiki mwaka 2013, pamoja na ndugu zake wawili, klothianidini na thiamethoksamu, na mwaka 2018 ukapiga marufuku matumizi yote ya nje, ukibakiza yale ya ndani ya vitalu-nyumba vya kudumu. Mkulima wa huku anastahili kuambiwa hivyo dukani kabla hajatoa fedha zake.

Kwenye matikiti hasara humrudia mwenye shamba haraka. Ua dume na ua jike ni tofauti, hufunguka asubuhi na kufunga siku hiyohiyo, na chavua yake nzito na yenye kunata haibebwi na upepo. Ua jike lililotembelewa mara chache hudondoka, au hutoa tunda lililopinda ambalo mchuuzi hulikataa.

Kwa kabichi, inayovunwa kabla ya kuchanua, ningeinunua tena, mradi magugu yenye maua yafyekwe kwanza na zao linalofuata lisiwe la kuvutia nyuki, kwa kuwa dawa hii inaweza kukaa udongoni kwa miezi. Kwa matikiti, matango, maboga na alizeti, siinunui. Inzi weupe hupunguzwa kwa mitego ya njano yenye gundi na kwa maji ya mwarobaini yanayopigwa jioni; kazi ni kubwa zaidi na hurudiwa mara nyingi, lakini maua hubaki salama zaidi kwa nyuki.