Jelatini ya kusafishia bia ya nyumbani, nimeitumia mara tatu na haya ndo niliyoyaona

Kwa wale tunaopika bia wenyewe nyumbani na tumechoka kuona glasi imejaa ukungu kama maji ya mto baada ya mvua, naomba niseme niliyoyapitia. Nimetumia jelatini ya unga, ile ya kawaida isiyo na ladha wala rangi wala sukari, kwenye bia tatu mfululizo za lita 20 kila moja. Inafanya kazi, tena sana, ila bia lazima iwe ya baridi kwelikweli. Hapo ndo kila kitu kilipo.

Ya kwanza nilikosea hapohapo. Bia ilikuwa imeshamaliza kuchachuka, iko kwenye joto la chumba tu, nikayeyusha jelatini nikamwaga nikafunika nikasubiri siku 3. Sikuona tofauti ya maana. Chini kulikuwa na tope jepesi ambalo ukigusa ndoo tu linanyanyuka, nikaijaza kwenye chupa hivyohivyo na nikawa nimeshaamua hii kitu ni maneno matupu.

Kumbe ukungu wenyewe unatoka sehemu mbili. Kuna hamira ambayo bado inaelea, na kuna protini za kwenye kimea ambazo bia ikipoa zinashikana na zile tanini (vile vitu vyenye ukakasi) za hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na za maganda ya nafaka, ndo maana bia inaweza kuwa safi mezani halafu ukiitoa kwenye friji imekuwa na ukungu, ikipata joto unapotea tena. Sasa ukiweka jelatini kwenye bia yenye joto, huo ukungu wa pili bado haujajitokeza, jelatini itanasa nini? Inatakiwa upoze kwanza ukungu wote utoke, ndo uimwage. Jelatini ina chaji chanya, hamira ina chaji hasi, vinavutana vinakuwa mabonge mazito vinazama. Nilipoelewa hilo nikarudi kwa moyo mmoja.

Ya pili nilipima kwanza na hydrometa, kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, siku 3, namba haikusogea hata kidogo. Hii msiiruke jamani, bia ambayo haijamaliza kuchachuka ukiipoza hamira inalala tu na sukari inabaki, ukija kuijaza kwenye chupa na ikapata joto hamira inaamka, chupa zinapasuka, na kioo kikiruka kinaumiza mtu. Nikaingiza ndoo nzima kwenye friji, nikaiacha siku nzima mpaka thamometa ikasoma nyuzi 2. Kitu kingine, bia ikipoa inavuta hewa ndani, yale maji ya kwenye kidude cha kutolea gesi yanaweza kufyonzwa yakaingia kwenye bia, kwa hiyo nilikitoa kabla sijapoza nikaziba tundu kwa kizibo kilichooshwa na dawa ya kuua vijidudu.

Jelatini yenyewe ni nusu kijiko cha chai kwa hizo lita 20, usiongeze ukidhani itasafisha zaidi. Nimenyunyizia kwenye maji ya baridi kama nusu kikombe, nikaacha dakika 10 ikavimba ikawa kama mchanga uliolowa, halafu nikapasha polepole huku nakoroga mpaka nyuzi 65 hivi, ikayeyuka maji yakawa maangavu kabisa. Isichemke, ikichemka inavunjikavunjika na nguvu yake inapungua. Nikamwaga ikiwa bado ya moto moja kwa moja kwenye bia, taratibu, bila kurusha mapovu maana hewa ikiingia saa hizi ladha inaharibika, nikafunga mlango wa friji nikaondoka.

Baada ya saa 48 nikavuta glasi moja. Nikaweka tochi nyuma yake, mwanga ukapita mzima, nikaona vidole vyangu upande wa pili pamoja na mistari ya ngozi. Nilikaa naiangalia muda mrefu. Na lile tope la chini safari hii lilikuwa zito limegandamana, nilivyovuta bia kwa mpira halikunyanyuka, nikaacha tu kidole kimoja cha bia juu yake.

Wengi wanauliza kama gesi itapatikana kwenye chupa wakati hamira imeshushwa yote. Inapatikana. Macho hayaoni lakini hamira ya kutosha imebaki, niliweka sukari kama kawaida gramu 6 kwa lita, nikaacha chupa kwenye joto la chumba wiki 2, povu likaja zuri kabisa, chini ya chupa ni utando mwembamba tu.

Ya tatu ilikuwa ya hopsi nyingi, ikatoka safi vilevile ila mimi niliona harufu imepungua kidogo, kwa hiyo bia ya namna hiyo nitafikiria mara mbili. Ya ngano sitaigusa kabisa, ile ukungu ndo sura yake. Na kama bia yako ina ukungu kwa sababu wanga haukugeuka wote kuwa sukari wakati wa kuloweka kimea, au imeingiliwa na vijidudu na inanuka uchachu, usitegemee jelatini ikuokoe, tatizo lilianza mbali.

Lingine ambalo naliona la muhimu, jelatini inatokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Ukimkaribisha mtu asiyekula vitu vya wanyama mwambie mapema kabla hajanywa. Kwa mtu wa hivyo mimi natumia ule mwani mkavu, unauweka kwenye sufuria zikiwa zimebaki dakika 10 au 15 za kuchemsha, hausafishi kama jelatini lakini unapunguza protini tangu mwanzo.

Nyota 5 kwa bia nyepesi ya dhahabu, nyota 3 kwa ya hopsi nyingi. Ndoo ya nne iko kwenye friji tangu jana usiku, thamometa inasoma nyuzi 4, nasubiri ishuke nyingine 2 ndo niyeyushe unga.