Miezi mitano na programu ya mazoezi inayosikiliza sauti: uzoefu wa mkunga wa Rungwe

Mimi ni mkunga katika kituo cha afya huku Rungwe, si mbali na Tukuyu. Kwa miezi mitano nimekuwa nikifanya mazoezi ya dharura za uzazi kwenye kishikwambi, kwa programu ambayo huchagui majibu kwa kidole: unasema, nayo inakusikiliza na kuyageuza maneno yako kuwa maandishi. Jina lake siliweki, maana nina lawama nayo na waliotuletea bado tunazungumza nao.

Tulizoea mazoezi ya MamaNatalie, kifaa cha kuvaa cha kuigiza uzazi. Mwenzako anamvaa tumboni, analala kitandani kama mzazi, kisha anaachia damu bandia itoke. Ni zoezi zuri sana, ila linataka watu, na zamu yetu ya usiku mara nyingi ni mimi na mhudumu mmoja. Kishikwambi nakiegemeza kwenye kabati la dawa. Mama anajifungua kwenye skrini, kondo linatoka, halafu sauti inasema, "Nesi, naona kizunguzungu." Saa inaanza kukimbia.

Siku ya kwanza mama yule wa kwenye skrini alivuja damu mpaka akazimia, na mimi nilikuwa najua kila hatua. Tatizo nilikuwa kimya. Programu haioni mikono. Miaka 11 ya kazi, na sikuwahi kugundua kwamba damu ikimwagika mimi hunyamaza, na mhudumu aliye pembeni yangu hajui ninachotaka mpaka ninyooshe mkono. Sasa nasema kwa sauti: "Ita msaada. Nakanda mfuko wa uzazi. Oksitosini yuniti 10, ya msuli." Nayo inanirudishia agizo hilo la dawa ya kukaza mfuko wa uzazi: "Oksitosini yuniti 10, ya msuli, tayari." Tabia hiyo imehamia leba. Mhudumu wetu naye siku hizi harudi na dawa kabla hajanirudishia agizo nilivyolisema, na mimi nasikia kabla ya kuchoma kama tumeelewana. Kwa hilo peke yake nawashukuru sana walioitengeneza.

Lakini masikio yake yana shida, na shida hiyo inaumiza watu.

Mvua kwanza. Anayeijua Tukuyu ya Machi na Aprili anajua mvua ikipiga bati hata wewe na jirani yako mnapigiana kelele. Programu inaandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Maikrofoni ndogo ya kubana kolani inasaidia kiasi. Ile ya kishikwambi chenyewe haifai kabisa.

La pili ndilo limenikera. Tuna mkunga wa siku nyingi, Mnyakyusa wa hapahapa. Kinyakyusa hakina r, kwa hiyo dripu yeye huita "dilipu", na hakuna mgonjwa wala muuguzi aliyewahi kushindwa kumwelewa. Alisema, "Fungua dilipu." Skrini ikaandika: fungua dirisha. Akarudia mara tatu, dirisha mara tatu, saa inakwenda, mwishowe akapewa alama ya kufeli. Alikiweka kishikwambi chini taratibu, akaniambia, "Mwanangu, nimewazalisha mama zao na wao wenyewe. Leo sijui dripu?" Sikuwa na jibu.

Sababu naielewa. Mashine ya namna hii haisikii herufi mojamoja tu. Inakisia neno kwa jinsi maneno yanavyofuatana katika sauti na maandishi iliyofundishwa. Katika Kiswahili cha kila siku "fungua" hufuatwa na mlango au dirisha, si dripu. Na sauti za bibi wa Rungwe yaelekea hazikuwamo kwenye mafunzo yake.

Kisha nikaipima kwa makusudi. Nilisema "yuniti mia", harakaharaka. Ikaandika kumi, ikanipa alama kamili! Ilikuwa inalisubiri jibu sahihi, kwa hiyo ikalisikia. Hili kwangu ni baya kuliko kukataliwa, kwa sababu mwanafunzi mwenye kosa la dozi anaondoka akidhani amefaulu. Tangu siku hiyo hatufungi zoezi bila kusoma maandishi yote pamoja, mstari kwa mstari, aliyesema na aliyesikiliza.

Je, nashauri kituo kingine kiichukue? Ndiyo, kwa kujifunza kusema. Kwa kupima watu, hapana. Alama zake zisipelekwe kwa msimamizi yeyote wala zisiingie kwenye faili la mtumishi. Dawa nazo tunazitaja kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili, na ukichanganya hivyo inapotea njia, kwa hiyo jiandaeni mapema kwa orodha ya maneno yenu.

Waliotuletea wameomba turekodi sauti zetu, kwa ridhaa, ili waifundishe upya. Yule mkunga wetu mkubwa amekubali kuwa wa kwanza. Sharti lake ni moja: ile alama ya kufeli ifutwe kabla hajafungua mdomo.