Baiskeli ya Umeme ya Milimani: Uchague Fremu ya Ukubwa Gani?

Mtu anayekwenda Kariakoo kutafuta baiskeli ya umeme ya milimani kwa kawaida huuliza mambo matatu: mota ina nguvu kiasi gani, betri inakwenda kilomita ngapi, na bei ya mwisho ni ipi. Ukubwa wa fremu huulizwa kwa nadra, ilhali ndio usioweza kurekebishwa na fundi yeyote baada ya ununuzi. Betri ikichoka hununuliwa nyingine, tairi hubadilishwa, kiti hupandishwa na kushushwa, lakini fremu hubaki kama ilivyotoka kiwandani.

Kwa baiskeli ya kawaida kasoro ya fremu isiyolingana na mwili huvumilika. Baiskeli ya umeme ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma, kwa upande mwingine, mara nyingi huwa na uzito wa kilo 20 hadi 25, na uzito huo huonekana pale inapoinama. Katika njia za mchanga za Kigamboni tairi la mbele huzama ghafla, mwendo hukatika, na mguu hutafuta ardhi papo hapo. Bomba la juu la fremu, lile linalotoka kwenye kiti hadi kwenye usukani, likiwa limepita msamba wako, mguu huchelewa kufika na baiskeli nzima hukulalia. Hali ni hiyo hiyo kwenye foleni, ambapo bodaboda hukata mbele yako bila taarifa, na kwenye kivuko cha Magogoni, ambapo utaikokota katikati ya umati wa watu wenye haraka kuliko wewe.

Wapo wanaodhani kwamba mota itafidia upungufu wa vipimo. Mota nyingi zinazofungwa kwenye ekseli ya pedali husoma nguvu ya mguu wako na kuongeza kulingana nayo, hivyo mpandaji ambaye magoti yake yamekunjwa mno, au ambaye vidole vya miguu vinaitafuta pedali, hukanyaga vibaya, huumia magoti, na katika vilima vya Pugu hulazimika kutumia kiwango cha juu cha msaada kinachomaliza betri mapema.

Kwa hiyo jipime nyumbani kabla ya kutoka. Simama bila viatu, mgongo ukiwa ukutani, weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu na ukivute juu hadi kiguse msamba kwa nguvu kama kiti kinavyogusa, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha sentimita ulizopata kwa 0.226, nawe utapata ukubwa wa fremu kwa inchi: mwenye sentimita 76 hupata takriban inchi 17, ambayo maduka mengi huiita M, na mwenye sentimita 72 hupata inchi 16, ambayo ni S. Kwa kimo cha mwili, S huwafaa kwa makadirio watu wa sentimita 155 hadi 165, M wa 165 hadi 177, na L wa 177 hadi 187.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya kuanzia tu. Ilizoeleka wakati bomba la juu la fremu lilipokuwa limenyooka, ilhali fremu za sasa zina bomba fupi la kiti, na M ya kiwanda kimoja yaweza kuwa sawa na L ya kingine. Kipimo kinachoaminika zaidi ni umbali wa mlalo kutoka usawa wa ekseli ya pedali hadi juu ya bomba la usukani. Katika fremu nyingi za kisasa za M huwa karibu na milimita 450, na kila ukubwa unaofuata huongeza kati ya milimita 20 na 30. Mwombe muuzaji jedwali la kiwanda; asipokuwa nalo, chukua tepu upime mwenyewe, kwa sababu jibu la "bosi, hii utaizoea" si kipimo.

Dukani ni nadra kukuta ukubwa wako halisi, hasa kwenye mtumba, ambapo mtu huchagua katika kilichoshushwa. Chaguo zilizopo ninazipanga hivi, kuanzia iliyo bora.

La kwanza, bila ubishi, ni fremu inayolingana na vipimo vyako, hata ikiwa na betri ndogo kuliko jirani yake. Baadhi ya viwanda huweka betri ndogo katika fremu za S kwa kukosa nafasi ndani ya bomba la chini, na mnunuzi mfupi hushawishika kuruka kwenda M kwa ajili ya kilomita chache za ziada. Asikubali.

La pili ni fremu iliyo ndogo kwa hatua moja. Kiti kinaweza kupandishwa kwa nguzo ndefu zaidi, na usukani kusogezwa mbele kidogo. Ichomoe nguzo ya kiti uitazame: ina mstari wa kikomo uliochorwa au kugongwa kwenye chuma, na mstari huo lazima ubaki umefichwa ndani ya bomba, la sivyo fremu yaweza kupasuka.

La tatu ni zile baiskeli zenye tairi nene na mota kwenye gurudumu la nyuma, zinazouzwa kama saizi moja kwa wote. Zikiwa na bomba la juu lililoinama huwa rahisi kupanda na kushuka, na kwa safari za Mwenge na Mikocheni zinatosha. Ila mtu mrefu hukaa amejikunja, na kwenye mteremko wenye mawe hana nafasi ya kurudisha mwili nyuma.

La mwisho kabisa ni fremu kubwa kuliko wewe, nayo ndiyo husukumwa sana kwa wateja kwa maelezo kwamba kiti kinashuka. Kweli kinashuka, lakini bomba la juu halishuki, na usukani haukaribii isipokuwa kwa kufunga shingo fupi, yaani kipande kinachoshikilia usukani kwenye fremu, inayobadilisha namna baiskeli inavyokata kona. Ukiwa umevaa viatu utakavyotumia, ipande katikati, kanyaga chini kwa nyayo zote mbili, kisha inyanyue hadi bomba likuguse: tairi zisipoachana na ardhi kwa angalau sentimita 5, irudishe, hata kama bei imepunguzwa mara mbili ukiwa umesimama hapo.