Buti za misumari kutoka Karume: tope zinaliweza, vigae hapana

Buti hizi nilizikuta soko la Karume chini ya rundo la raba, ngozi imekakamaa kama papa mkavu. Kijana akaanzia elfu sitini. "Mzee wangu, hizi za jeshi la Mwingereza." Nikazigeuza: soli ya ngozi, misumari 25 yenye vichwa vinene kila mguu (mitatu imeng'oka), kisiginoni chuma kilichopindwa kama kiatu cha farasi. Hapo nikamwamini. Tukamalizana kwa 35,000, nikaenda kuzilainisha kwa mafuta ya nazi siku tatu.

Mvua za masika zikazipima. Kinyerezi kwetu kuna mteremko ambao tope likikolea hata bodaboda anamwambia abiria ashuke. Nimeushuka na ndoo ya mchicha mkononi bila kuyumba. Kila hatua unausikia msumari ukizama na kushika. Zaidi ya hapo, kinacholika ni chuma, ngozi inabaki. Ukiona kimeisha, unagongea kingine. Askari wa Kirumi walivaa makubazi yao, caligae, yakiwa na misumari hiyo hiyo miaka 2,000 iliyopita, wakatembea nayo nchi hadi nchi.

Kasheshe ni sakafu. Nimeingia benki moja mjini, kah-kah-kah, foleni nzima imegeuka, hatua ya nne nikalala chali kwenye vigae. Mlinzi akaniinua: "Pole baba, hivyo ni viatu au njumu?" Nilifundisha historia miaka mingi, nikamkumbuka akida wa Kirumi, Julianus. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa enzi hizo, anasimulia kwamba mwaka 70, Yerusalemu, alikuwa akiwakimbiza maadui peke yake, misumari ikateleza kwenye mawe ya sakafu ya Hekalu, akaanguka, wakamzunguka wakamuua. Mimi nimepona na kiuno kinachouma.

Wapanda milima wa Ulaya waliovaa buti za misumari zamani walilalamika kwamba chuma kinaingiza baridi mguuni. Hilo Dar halinihusu.

Fundi wangu Kariakoo anataka kung'oa yote abandike mpira wa tairi, elfu kumi na tano. Wazo lake si baya: Mwitaliano Vitale Bramani, baada ya wenzake 6 kufia mlimani mwaka 1935, alibuni soli ya mpira yenye meno, na waliomsaidia ni Pirelli, watu wa matairi. Lakini nimemwambia arudishie ile mitatu tu. Mama watoto naye katoa sharti: zinavuliwa barazani, kabla ya mlango.